Treni Iliyokuwa Ikilia

Watu wazima wenye akili zao, wengine wakiwa wameshastaafu, waligombana mwaka mzima kwa sababu ya treni ya kuchezea. Niliyaona kwa macho yangu huko Birmingham, katika ile miaka ya elfu mbili na kitu, na aibu ni kwamba niliishia kuwa mmoja wao. Wenzangu walikuwa na klabu, fulana na beji. Mimi nilikuwa na sababu ambayo nikiitaja mbele ya watu nitaonekana nimerukwa na akili, na siku nilipoitaja ndivyo nilivyoonekana.

Treni hiyo ilikuwa katika uwanja wa bembea nje ya mji, mwendo wa saa moja hivi kwa basi. Ilijengwa kwa mbao tupu, reli zikipanda na kushuka juu ya nguzo chungu nzima zilizopakwa rangi nyeupe iliyokuwa ikibambuka. Mnakaa wawili wawili, chuma kinashushwa mapajani, halafu mnyororo unaivuta treni kuelekea juu taratibu, kwa-kwa-kwa-kwa, huku mnaona mashamba na kondoo wa watu. Ikifika kileleni inaachiwa. Kuanzia hapo hakuna anayemsikia mwenzake. Mbao zinagongana, magurudumu yanapiga yowe, nguzo zote zinatetemeka, na mgongo unajua kwamba leo umepatikana. Walioipenda walisema hiyo ndiyo ladha yake. Walioichukia walilalamikia kitu hichohicho.

Ushirika wetu wa Kiswahili ulikuwa ukienda huko kila mwaka, ile Jumatatu ya mapumziko mwishoni mwa Agosti. Tulikodi basi, tukapandia nje ya ukumbi tuliokuwa tukisalia, mtaa wa Lozells, na kabla basi halijatoka barabarani watu walikuwa wameshafungua mikebe ya mandazi. Tulikuwa Wakenya, Wakongomani, na Watanzania wachache waliotusahihisha Kiswahili bila kuombwa. Kwa siku moja tuliacha kuwa wauguzi na wafagiaji na wanafunzi wa usiku, tukawa watu waliokwenda matembezi.

Aliyegundua kazi halisi ya ile treni ni jirani yangu Mkongomani. Kanisani wakubwa kwa wadogo walimwita Maman, nami nitamwita hivyo. Tulikaa jengo moja la ghorofa huko Ladywood, yeye juu, mimi chini yake. Alikuja kutoka Bukavu wakati wa vita na binti mmoja, na huyo binti alikuwa na meno ya utoto walipofika. Sasa alikuwa ameanza chuo. Alielewa kila neno la Kiswahili na alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huko, na mama yake alijivunia hicho Kiingereza kuliko kitu chochote kilichokuwamo nyumbani mwao.

Kaka yake Maman alipofariki Bukavu, habari zilikuja kwa simu Jumamosi mchana. Nilimsikia kupitia dari. Nikapanda ngazi mbio, nikakuta wanawake wengine wawili wameshafika, nasi tukaanza. Kwetu magharibi mwa Kenya, na kwao Kivu, kilio si machozi. Machozi hata kitunguu kinaleta. Kilio ni kuita. Unamwita marehemu, unamuuliza kwa nini hakukungoja, unamtajia mema aliyokutendea, unamlaumu ukitaka, na unafanya hivyo kwa sauti ya kuvuka boma, maana majirani wasiposikia watasema hukumpenda.

Majirani walisikia. Walipiga simu polisi. Maafisa wawili wakasimama mlangoni na kuuliza nani anapigwa humu ndani. Binti ndiye aliyewaeleza, uso umemwiva kwa aibu. Wakatoa pole, tena kwa upole wa kweli, kisha mmoja akatuomba tupunguze sauti kidogo kwa sababu kuna watu wamepumzika. Kupunguza sauti! Maman alikaa kwenye sofa, akachukua mto, akaufunika uso wake, na kilio cha kaka yake kikaishia kwenye sponji.

Baadaye aliniuliza, "Dada, hapa batu banakufa namna gani? Bila kilio?"

Nikamwambia nilivyoona kwa wazee niliowahudumia kazini. Mtu akifa wanangoja wiki mbili tatu hadi nafasi ipatikane, wanakwenda mahali pa kuchomea maiti, wanakaa kidogo, wanatolewa kwa mlango wa upande maana gari la familia nyingine limeshafika mbele, halafu wanakula sandwichi za mayai. Na wote wanamsifu mfiwa kwa sababu hakulia.

"Banamusifu?" akasema.

Mwaka huo Agosti binti alimlazimisha kupanda treni ya mbao. Mimi nilikuwa chini na mikoba ya watu. Treni ilipoachiwa nilisikia mayowe ya kawaida ya watoto wa kizungu wanaonyanyua mikono, na katikati yao sauti moja niliyoijua. Maman alishuka kilemba kimemkaa shingoni na macho mekundu. Binti akafikiri ameogopa, akamkumbatia. Maman akamwondoa taratibu na kurudi mwisho wa foleni.

Safari ya pili nilikaa naye. Tulipoanza kushuka alifungua kinywa na kumwita kaka yake. Alimuuliza amemwachia nani yule mama yao mzee, na kwa nini alikwenda sokoni siku ile aliyokatazwa. Alimwita mpaka kona ya mwisho. Mbele yetu kijana mmoja alikuwa akipiga mayowe kumtania mpenzi wake, nyuma yetu mtu alikuwa akicheka hadi kukohoa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Katika nchi nzima ile tulikuwa tumepata mahali ambapo mwanamke mzima angeweza kupasua koo lake bila mtu kuita polisi. Nami kwenye kona ile nikamlilia shangazi yangu aliyefariki nikiwa nimeshaondoka nyumbani. Niliposhuka kifua kilikuwa chepesi, na njaa ikaniuma kweli.

Ndivyo desturi ilivyoanza. Hakuna aliyeitangaza. Mama mmoja alimnong'oneza mwingine, na kufikia mwaka wa tatu karibu akina mama wote walipanda. Mtu akifiwa mwezi wa tatu tulikwenda kumpa pole, tukapika chai, tukaimba kwa sauti ya ndani ya nyumba, na tukiaga tulimminya mkono na kumwambia, "Agosti haiko mbali." Akaelewa. Kilio kikawekwa kama mtu anavyoweka nguo nzuri ya sikukuu. Wanaume wetu waliona tumependa michezo uzeeni, wakatutania, nasi tukaacha watutanie. Mchungaji naye tulimficha, maana alikuwa amehubiri kwamba kupiga mayowe msibani ni tabia ya watu wasio na tumaini. Ni rahisi kuwa na tumaini kama wazazi wako wote wawili wako hai huko Nakuru.

Habari za kuondolewa kwa treni nilizipata kazini. Nilikuwa nikihudumia wazee majumbani, na asubuhi nilianza na mzee mmoja wa mtaa wa Harborne aliyefiwa na mkewe. Alikuwa ametumikia kiwanda cha magari tangu ujana. Aliniita "bab", jinsi watu wa Birmingham wa umri wake wanavyomwita yeyote anayewaletea chai. Nilimwosha, nikamvalisha zile soksi za kubana miguu zinazokutoa jasho kabla hujamaliza moja, na kila asubuhi alinionyesha picha iliyokuwa ukutani, yeye na mkewe vijana, kwenye kiti cha mbele kabisa cha treni ya mbao. Nyonga zake hazikumruhusu kupanda tena. Klabu ya wapenzi wa treni ya mbao ilikuwa ikimchukua kwa gari akaisikilize tu. Angekaa kwenye benchi na sandwichi yake, amefumba macho, akiisikiliza.

Asubuhi hiyo nilimkuta ameamka mwenyewe na amekaa mbele ya kompyuta, amekunja uso. Wenye uwanja walikuwa wametangaza kwamba wanafikiria kuing'oa treni ya mbao na kuweka ya chuma, ya kisasa, ya kasi. Akanisomea wapenzi wa treni hizo walivyokuwa wakiandikiana mtandaoni. Mmoja aliandika kwamba anayetaka chuma hana roho. Mwingine akamjibu kwamba kama anapenda vitu vilivyooza akalale makumbusho. Wengine walibishana kuhusu aina ya mbao. Waliitana wasaliti. Mzee alikuwa akijibu kwa kidole kimoja, herufi moja moja, hasira imempanda hadi masikioni, na chai yangu ikapoa.

Nilishangaa. Watu hawa hawakunyanyua sauti walipowazika wake zao, na sasa walikuwa tayari kukabana koo kwa ajili ya misumari na mbao. Lakini niliporudi kwenye kituo cha basi nililiacha basi langu likapita. Mama yangu alikuwa na miaka mingi na sukari, na mimi pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, wakiamua kama nitakaa au nitaondoka. Nilijua hesabu yangu ilivyokaa. Siku simu ya mama ikija, nitakuwa na Agosti tu.

Ushirika nao ukajadili, Jumapili baada ya ibada, vikombe vya chai mkononi. Mwenyekiti wa safari alikuwa kijana wa Kikenya, mhasibu, mtu wa suti hata kwenye pikiniki.

"Hiyo kitu ni ya kitambo sana," akasema. "Inatetemeka ni kama choo ya mabati. Wakiweka mpya, youths wetu wata-enjoy, na hata itatuweka kwa map."

Vijana wakampigia makofi. Mama mmoja Mtanzania akasema, "Jamani, ya zamani tumeizoea."

"Mmezoea nini, mama? Kuumwa mgongo?"

Ukumbi ukacheka. Akina mama tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na jibu na hakuna aliyelitoa, kwa sababu mchungaji alikuwa amesimama palepale akipuliza chai yake. Tukajenga hoja zisizo na miguu: eti treni mpya itakuwa na foleni ndefu, eti rangi ya ile ya zamani inapendeza kwenye picha. Tulishindwa vibaya, na tukaosha vikombe.

Ndipo mzee wa Harborne aliponiambia kwamba wenye uwanja wameitisha mkutano wa kusikiliza maoni, hotelini katikati ya mji. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya. "Walete akina mama wako, bab," akasema. "Wakituona sisi wazee tu na beji zetu watatudharau. Wakiona familia watasita."

Nikawaleta. Tulikuwa sita, na Maman alivaa kitenge alichokuwa akikiwekea harusi za watu. Mimi nilisukuma kiti cha mzee na ikabidi nikae naye upande wa wanaklabu, mbele, kwenye nafasi ya viti vya magurudumu. Akina mama wakakaa nyuma kabisa. Nilikuwa nimemwambia Maman nitamtafsiria, akakataa.

"Mtoto wangu atanitafsiria," akasema. "Amesoma hapa." Binti alikuwa ameacha somo moja ili aje, amefunga nywele vizuri, amenyooka.

Wapenzi wa mbao na wapenzi wa chuma walikaa kila kundi upande wake, kama harusi ya familia zisizoelewana. Mwanamume mmoja alikuwa ameichora treni ya mbao mkononi kwa wino usiofutika, na alipoinuka kuzungumza akalia. Nilimwonea wivu sana. Alilia mbele ya watu wote kwa ajili ya treni, na akapewa glasi ya maji.

Ikafika zamu ya jamii, kama walivyotuita. Maman akasimama. Kwao Maman ni mtu wa kusimama msibani na harusini akazungumza, hana haraka, na anajua kuwa jambo zito haliletwi likiwa uchi. Akasema:

"Bakubwa, Mungu awabariki. Sisi ni bamama ba kanisa. Ile treni yenu inalia sana. Ikianza kulia, na sisi tunalia. Tunalia mpaka tunachoka, bamama bote, kila mwaka. Donc tunawaomba, bakubwa, muiangalie."

Ilikuwa hotuba nzuri. Nywele zilinisimama. Ndipo binti akatafsiri, neno kwa neno, kwa Kiingereza safi cha Birmingham. Akasema mama yake anawasalimu. Akasema mama yake anasema treni yao ina kelele nyingi sana, na ikianza kelele zake wanawake wanatokwa na machozi. Wanalia mpaka wanachoka, wote, kila mwaka. Kwa hiyo wanawaomba wakubwa walishughulikie jambo hili.

Hakuongeza, hakupunguza. Nimeyapitia maneno yake kichwani mara nyingi kuliko nilivyopitia maneno ya mtu mwingine yeyote, na sioni pa kumshika. Treni ikilia ina kelele. Mtu akilia ana machozi. Ukimwambia mtu akiangalie kitu, ama akitunze, ama akitazame kina nini, na mtoto aliyekulia Ladywood amewasikia watu wakiambiwa waliangalie bomba linalovuja, hajawahi kumsikia mtu akiambiwa amwangalie mama yake. Akakaa chini, na Maman akampapasa mgongo.

Ukumbi ukaguna kwa huruma. Yule mwanamke wa uwanja aliyekuwa akiendesha mkutano akaweka mkono kifuani na kusema anasikitika sana, kwamba hilo hasa ndilo walilotaka kusikia, sauti zisizosikika. Wapenzi wa chuma wakapiga makofi. Maman akadhani makofi ni yake, akainamisha kichwa kushukuru. Mzee akageuza kiti chake kidogo na kunitazama.

Nikainua mkono. Yule mwanamke akasema kwa tabasamu kwamba jamii yetu imeshapata nafasi yake na muda umekwisha. Nikasimama hivyohivyo. Kiingereza chote nilichotumia kuwaandikia madaktari kilinikimbia, nikasema kwa sauti, "Sivyo! Anataka kusema wanapenda kulia!"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ndiyo maana iliuma zaidi. Walidhani natania ili kuondoa aibu ya rafiki yangu. Hata yule mwenye mchoro mkononi alicheka, macho yake bado yana maji.

Njiani nilimuuliza binti, Kiswahili changu kikiwa kikali kuliko nilivyokusudia, kwa nini amesema vile.

"That's what she said, Auntie," akajibu. "Kulia. Cry. Nilisema exactly." Alikuwa na haki. Maman alikuwa mbele yetu, akitembea kwa maringo kidogo. Sikuwa na moyo wa kumwambia usiku ule. Nilimwambia baada ya siku kadhaa, akaketi kwenye lile sofa na kuuchukua ule mto, akauweka tu mapajani.

Asubuhi iliyofuata mkutano nilikwenda Harborne. Mzee alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Nilimwosha. Nilipokuwa namvalisha soksi nikaamua kumweleza yote: simu ya Jumamosi, polisi, mto, kaka yake Maman, shangazi yangu. Nilimweleza vizuri, polepole, kwa Kiingereza ambacho kingenifaa jana yake. Nilidhani mtu anayekwenda kukaa kwenye benchi kusikiliza mlio wa treni aliyopanda na mkewe ataelewa haraka kuliko mtu yeyote.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mlikuwa mnaitumia kama kaburi?"

Nikamwambia sivyo.

"Ni ya furaha, bab," akasema. "Tuliipanda kwa furaha. Na nyinyi mlikuwa mnapanda humo na maiti zenu."

Nikamuuliza, na sijutii kumuuliza, yeye alimlilia mkewe wapi. Akanyoosha mguu nimalizie soksi. Wiki hiyohiyo ofisi ikanipigia simu na kunipangia nyumba nyingine, na mwenzangu aliyechukua nafasi yangu akaniambia mzee aliomba mtu asiyeongea sana.

Treni ya mbao ilifungwa vuli ile. Wenye uwanja walitoa taarifa, na miongoni mwa sababu walitaja maoni ya akina mama wa jamii mbalimbali walioumizwa na kelele. Mtandaoni wapenzi wa mbao walitutukana. Waliandika kwamba watu wanahamia nchi ya wenzao na kuanza kulalamikia kelele. Huo ndio mchango wetu katika historia ya treni za mbao. Siku za mwisho wanaklabu waliuziwa vipande vya nguzo wakaweke nyumbani. Yule mwenzangu aliniambia mzee ana chake, amekiweka chini ya ile picha, na anakipangusa vumbi.

Walijenga upesi. Na mama yangu alifariki kabla ya kiangazi.

Simu ilikuja asubuhi nikiwa nimeshavaa sare. Dada yangu alikuwa akiongea na nyuma yake nilisikia boma zima, wanawake wanaingia kwa lango wakiita, kila mmoja kwa sauti yake, na niliweza kuwatambua. Akaisogeza simu nje ili nisikie vizuri. Nilisimama jikoni Ladywood, simu sikioni, nikisikiliza mama yangu akililiwa na watu wote isipokuwa mimi. Nyuma ya ukuta jirani alikuwa akitazama televisheni. Pasipoti ilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji. Nikafunga mdomo, nikaenda kazini.

Akina mama walikuja jioni, tukaimba kwa sauti ya ndani ya nyumba. Walipoaga kila mmoja alinishika mkono, na nikaona midomo inataka kusema ile kauli yetu na inasita. Maman peke yake ndiye aliyeisema. "Agosti haiko mbali, dada. Treni ni treni. Tutajaribu."

Basi nikakiweka kilio. Miezi ile niliubeba mwili wangu kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Sikuongea sana, sikucheka sana, niliogopa kumwagika mahali pasipofaa. Nilipanga hata nitakayomwambia: kuhusu ada aliyoilipa kwa kuuza maziwa, kuhusu siku niliyoondoka na yeye akakataa kuja uwanja wa ndege, kuhusu kwa nini hakuningoja na nilimwambia aningoje.

Treni mpya ilikuwa ya buluu, inang'aa, na foleni yake ilizunguka mara mbili. Mwenyekiti wa safari alikuwa akipiga picha. Binti alikuwa amekuja na rafiki zake wawili wa chuo, wakakaa viti vya nyuma yetu. Mimi na Maman tulikaa pamoja. Badala ya chuma cha mapajani kulikuwa na mikono minene iliyoshuka mabegani na kukubana kifua hadi pumzi ikawa nusu. Hakukuwa na mnyororo wala kupanda taratibu. Ile kwa-kwa-kwa-kwa, ambayo sasa nilielewa ndiyo iliyokuwa ikitupa muda wa kukusanya maneno, haikuwapo. Ilifyatuka tu.

Nilifungua kinywa. Upepo ukaingia ukanirudishia kila kitu kooni. Reli ilikuwa laini na magurudumu hayakutoa mlio wowote, kulikuwa na muziki mdogo tu wa vijana kutoka kwenye spika, na juu yake niliisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "Ma—", kavu, ndogo, kila mtu angeweza kuisikia. Nikaikata. Tukapinduliwa kichwa chini miguu juu, na kabla sijakusanya pumzi nyingine tulikuwa tumesharudi kituoni, na kijana wa kazi ananiinulia ile mikono na kuniuliza kama nimefurahi.

Maman hakuinuka mara moja. Aliweka kiganja juu ya kiti, kama anavyompima mtoto homa.

"Hii hailii, dada," akasema. "Sasa sisi tutalia namna gani?"

Tukatoka kwa njia ya dukani, ambako wanauza picha zilizopigwa mkiwa juu. Kwenye yetu watu wote wamefungua vinywa, na mimi nimefunga. Binti akatufikia akihema, nywele zimesimama, amefurahi kweli. Akaiona ile picha, akaniangalia usoni kwa makini, na nikaona kwamba lile swali langu lilikuwa limemkaa moyoni tangu siku ile ya mkutano.

"Auntie," akauliza, "did you cry?"

Nikamwambia sikulia.

Uso wake ukakunjuka. Akamshika mama yake mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamsikia akikitafuta Kiswahili chake mwenyewe, ili mama yake asikose hata neno.

"Unaona, Maman?" akasema. "Walituangalia. Hii haiwalizi tena."